Miberoshi Kumi na Mmoja

Kwa miaka ishirini na saba, kila asubuhi kabla ya kutoka chumbani kwake nyuma ya bustani, Bouzid Lakehal alikohoa mara mbili, akaita "Njia!" na kuhesabu hadi kumi. Ndivyo mwanamume anavyotakiwa kufanya katika nyumba ya watu mjini Blida. Kama bibi mwenye nyumba yuko uani na nguo za ndani ya nyumba, apate muda wa kujisitiri. Hajjat Nfissa hakuhitaji hata hizo sekunde kumi. Alikuwa akijibu kutoka kwenye kiti chake, "Pita, Bouzid, mimi si bikira," na Bouzid alipita huku ameinamisha macho vilevile.

Chumba hicho zamani kilikuwa cha kufulia nguo. Bouzid na mkewe Ouardia walikipata majira ya baridi ya mwaka 1996, walipoteremka kutoka Tazrout, kijiji kilicho mwendo wa saa nne kwa miguu juu ya mji. Mwaka ule watu wa milimani waliteremka wengi. Bunduki zilikuwa zimefika vijijini, na aliyebaki alibaki kwa sababu hakuweza kutembea. Wao walishuka na binti wa miaka sita, mbuzi wawili na mablanketi. Mbuzi waliuzwa wiki ya kwanza.

Mwenye nyumba wakati huo alikuwa mume wa Hajjat, mpima ardhi wa serikali, aliyeitwa Si Abdelhalim, yaani Bwana Abdelhalim. Hakuuliza mengi.

"Unajua kukata miti?"

"Najua kukata kuni," Bouzid alijibu.

Mpima ardhi alicheka, akampeleka kwenye ua wa miberoshi. Miti thelathini na mmoja, aliyoipanda mwenyewe mwaka 1973 kwa kamba na futi, mmoja kila baada ya mita moja, pande mbili za bustani. Alimshika Bouzid mkono, akauingiza ndani ya mti hadi kwenye kiwiko. Nje kulikuwa na ngozi ya kijani yenye unene wa kiganja. Ndani vilikuwa vijiti vikavu vya kahawia, vumbi na viota vikuukuu.

"Kata kijani tu," alisema. "Ukifika kwenye kahawia, pale hapachipui tena. Si mwaka huu, si mwaka kesho. Mti huu hausamehe."

Bouzid alishika somo hilo. Mara mbili kwa mwaka alipanda ngazi na mkasi mkubwa, akapunguza kijani kwa upana wa kidole, hakuwahi kuzidisha. Si Abdelhalim alipofariki mwaka 2009, miberoshi ilikuwa na urefu wa mita saba na haikuwa na tundu hata moja.

Kwa Hajjat Nfissa, ile miti ndiyo iliyokuwa nyumba. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa mwisho mtaani waliotoka nje wakiwa wamejifunika haiki, lile shuka jeupe la zamani linaloanzia kichwani na kushikwa kidevuni. Ndani ya bustani alilivua na kulitundika kwenye msumari nyuma ya lango. Saa kumi kila alasiri aliketi chini ya mchungwa mchungu na kahawa yake, miguu peku, mikono wazi hadi mabegani kama ni kiangazi. Hakuna aliyemwona isipokuwa Ouardia na paka.

Kisha warithi wa shamba la machungwa la ng'ambo ya kichochoro walikata michungwa yao na kuuza kiwanja. Nguzo za zege zikaanza kupanda. Ghorofa tatu, walisema, na vyumba vyote vitatazama kusini, yaani kwenye bustani ya Hajjat. Bouzid aliacha kupunguza vilele vya miberoshi ya upande huo, ikafika mita tisa. Hajjat aliitazama, akaitazama zege, akasema neno ambalo Ouardia aliliweka moyoni:

"Siku nitakayoonekana humu ndani, nafunga mizigo naenda kwa Fodil Oran."

Fodil ni mwanawe wa pekee, mfamasia katika mji wa Oran. Kila mtu pale alielewa maana yake. Hajjat akienda Oran, nyumba itauzwa, na chumba cha kufulia kitauzwa pamoja nayo. Bouzid na Ouardia hawakuwa na pengine pa kwenda isipokuwa kwa binti yao, ghorofa ya tano isiyo na lifti kwenye mji mpya, vyumba vitatu na watoto wanne. Magoti ya Ouardia yalikuwa yameshakataa hata ngazi tatu za jikoni.

Fodil mwenyewe hakuipenda miberoshi. Alikuja majira ya machipuko ya mwaka 2018 na picha kwenye simu.

"Mama, miti hii inakunywa maji kama ngamia na kukutia giza. Siku hizi watu wanapanda nyasi za mapambo. Tazama. Zinacheza na upepo, hazitaki kazi."

"Nyasi ni chakula cha punda."

"Mama!"

"Nikitaka kitu kinachocheza na upepo nitaanika mashuka."

Walipatana baada ya siku tatu za kununiana. Miberoshi ibaki, na mbele yake, kwa nje upande wa kichochoro, kuwe na safu ya nyasi. Fodil akamchukua Bouzid hadi kwenye kitalu cha miche cha barabara kuu. Muuzaji, mwanamume mnene mwenye miwani ya jua juu ya upara, aliwaonyesha chungu chenye kibandiko cha rangi.

"Elfu moja na mia nane kwa chungu, Ami. Hii mali ya Uholanzi."

Bouzid alipitisha jani katikati ya vidole na kulivuta kidogo. Likamkata. Akanyonya damu.

"Hii imetoka kwenye paa la mama yangu."

"Basi mama yako alikuwa na pesa, Ami."

"Ni disi," Bouzid alimwambia Fodil walipofika garini, na kwa mara ya kwanza Fodil alimwona akicheka kwa sauti. "Disi! Tulikuwa tunaezekea nyumba. Tunasokotea kamba, tunawapa nyumbu. Na huyu ameitia kwenye chungu!"

Oktoba ile Bouzid alipanda kwenda Tazrout, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili. Binamu yake alimpeleka kwa pikapu hadi barabara ilipokwisha. Nyumba yake ilikuwa na kuta tatu. Paa la disi lilikuwa limeporomoka ndani, mbegu zikaota, na sasa vichaka vya disi vilijaa chumba kile alimozaliwa binti yake, virefu kumpita yeye. Kijiji kizima kilikuwa na disi tele, lakini alichimba mle ndani. Vichaka vinane, na mizizi yake, pamoja na udongo wa sakafu ulioshindiliwa na mama yake kwa miguu.

Ouardia alivikuta vimepangwa bombani.

"Vya wapi hivi?"

"Vya chumbani."

Ouardia alichota maji kwa bakuli, akavinywesha kimoja kimoja.

Miaka minne safu hizo mbili zilisimama pamoja, hatua mbili kati yao, na ingekuwa vigumu kupata mimea miwili isiyofanana kuliko hiyo. Mberoshi wa Januari na mberoshi wa Agosti ni mmoja. Disi huwa kijani kibichi mwezi wa Machi, mwezi wa Juni hutoa mashada marefu yanayoinama, na mwezi wa Septemba ni majani makavu yanayokwaruzana usiku na mchana. Mberoshi unaficha nyumba. Disi haimfichi hata mtu aliyesimama wima, ikiwa anayetazama yuko ghorofa ya kwanza. Lakini disi huishiki kwa hofu. Ng'ombe wanaila, watu wanaikata, moto unaipita, mvua ya pili inaikuta imeshachipua.

Bouzid aliitunza miberoshi kwa mikono ya marehemu mpima ardhi. Disi aliitunza kwa mikono yake.

Kufikia mwaka 2022 vichaka vilikuwa vimechoka. Majani ya miaka minne yalikuwa yamelaliana, ya njano na ya kijivu, na kingo zake zilikuwa zimefunga zile hatua mbili na kugusa miberoshi. Hajjat alilalamika kila alipoingia langoni.

"Bouzid, hii bustani au banda?"

"Imezeeka, Hajjat. Inataka kufanywa upya."

"Sisi wote tunataka. Fodil anakuja wiki ijayo. Sitaki anikute nimekaa kwenye zizi."

Mwaka uliotangulia Bouzid alikuwa amejaribu kukata kichaka kimoja kwa mundu, kama alivyoshauri yule muuzaji wa miche. Mvua iliingia kwenye moyo wa shina, kikaoza na kufa. Vilibaki saba. Tazrout hakuna aliyekuwa akikata disi hadi chini. Baada ya mvua ya kwanza ya vuli, siku tulivu, wanaume walipita mteremkoni wakichoma kichaka baada ya kichaka. Moto wa disi ni wa haraka, hauna muda wa kufika kwenye mizizi. Wiki tatu baadaye mteremko wote unakuwa kijani na nyumbu wanajilamba midomo. Baba yake alifanya hivyo, na Bouzid alianza kushika mwenge akiwa na miaka tisa.

Hakufanya kwa pupa. Alisubiri siku mbili za mvua na asubuhi moja isiyo na upepo, mapema mwezi wa Novemba. Alivuta mpira wa maji, akalowesha magunia manne, akainyunyizia miberoshi upande wa chini. Kila kichaka alikibana kwa waya, kikawa chembamba kama mganda, kisha ndipo akakiwasha kwa juu. Ouardia alisimama na ndoo. Cha kwanza kiliwaka kama karatasi, kikazima. Cha pili, cha tatu. Mafundi wa lile jengo walikaa ukingoni mwa ghorofa ya pili wakila mkate, wakishangilia kila moto ulipozima.

"Ami, umebakiza kimoja, usitunyime!"

Kwenye kichaka cha saba waya uliisha. Waya mwingine ulikuwa stoo, hatua arobaini. Bouzid alitazama marundo sita ya majivu meusi yaliyolala kimya, kila moja mahali pake, akawasha cha saba bila kukibana.

Upepo hata haukuwa upepo, Ouardia anasema, ilikuwa pumzi tu kutoka bondeni. Majani yaliyolegea yaliinuka yakiwaka na kuegemea kwenye mberoshi. Ngozi ya kijani iliyoloweshwa haikushika. Moto uliingia chini yake, kwenye vile vijiti vya kahawia, vumbi na viota vya karibu miaka hamsini, ukapanda ndani kwa ndani hadi kileleni kwa muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Kisha ukahamia mti wa pili. Mafundi waliacha mkate, wakashusha mpira wa tangi lao na kumwaga maji kutoka juu. Wazima moto walipofika, dakika ishirini baadaye, kilichobaki kilikuwa moshi.

Hakuna aliyeumia. Miberoshi kumi na mmoja ya upande wa kichochoro ilisimama bado, urefu uleule, kahawia kuanzia chini hadi juu.

Hajjat Nfissa alitoka akiwa amefunika mdomo kwa kitambaa. Aliitazama miti, kisha akamtazama Bouzid, aliyekuwa ameunguza nyusi na mkono wa kulia.

"Umeungua?"

"Kidogo."

"Itarudi?"

Bouzid alijua jibu. Alilijua tangu mwaka 1996, mkono wake ukiwa ndani ya mti hadi kwenye kiwiko.

"Itarudi, Hajjat. Subiri machipuko."

Fodil alipokuja, mama yake ndiye aliyemjibu. "Bouzid amesema machipuko," alisema, na hakutaka mjadala.

Majani makavu ya mberoshi hayaanguki haraka. Majira yote ya baridi miti ile ilibaki na nguo zake za kahawia, na bado ilificha. Kila baada ya siku tatu Bouzid aliimwagilia. Mvua ilikuwa inanyesha, naye alikuwa anamwagilia.

"Unamwagilia maiti," Ouardia alimwambia.

"Nyamaza."

"Mwambie. Ana haki ya kujua."

"Nikimwambia leo, tunahama kwenye matope. Ngoja jua litoke."

"Na jua likitoka utasema ngoja kivuli."

Disi ilichipua kabla ya Novemba kwisha. Vijani vyembamba, vikali, vilitoka kwenye majivu kama nywele za mtoto mchanga, na kufikia Februari vichaka vyote saba vilikuwa vimefika magotini, vizuri kuliko vilivyowahi kuwa. Bouzid alivipita bila kuvitazama.

Mwezi wa Machi upepo wa kusini ulivuma siku mbili. Ulipotulia, majani ya kahawia yalikuwa chini, na kati ya bustani na jengo palibaki fito kumi na moja tupu. Ghorofa ya tatu ilikuwa imeshatiwa madirisha. Saa kumi alasiri Hajjat alitoka na sinia yake, akaketi chini ya mchungwa, akamimina.

"Hajjat!" fundi mmoja aliita kutoka juu, kwa furaha na heshima zote, maana walikuwa wanamfahamu tangu siku ya moto. "Kahawa yako inanukia hadi huku! Umetia maji ya maua ya mchungwa, au naota?"

Hajjat aliinua sinia akaingia ndani.

Kesho yake, Bouzid alipokohoa na kuita "Njia!", hakusikia jibu. Alihesabu hadi kumi, kisha hadi ishirini. Alipopinda kona alimkuta mahali pake chini ya mchungwa. Alikuwa amevaa haiki. Amejifunika kichwa hadi miguu, mkono mmoja umeshika shuka kidevuni, mwingine umeshika kikombe, ndani ya bustani yake mwenyewe. Msumari nyuma ya lango ulikuwa mtupu.

Bouzid alisimama pale na mkasi wake. Hakukuwa na haja ya kuambiwa, lakini Hajjat alimwambia.

"Fodil anakuja kunichukua baada ya Idi. Alisema ataweka mabati. Nikamwambia mabati ya mita tisa ni gereza, mimi sijaua mtu."

"Tunaweza kupanda mipya, Hajjat."

"Itafika pale madirishani baada ya miaka mingapi?"

"Kumi na tano. Ikipenda."

"Nina themanini na moja, Bouzid." Akanywa. "Ile mikavu ikate. Sitaki kuondoka nikiiacha imesimama hivyo."

Aliikata ndani ya Ramadhani, asubuhi na mapema, mmoja kwa siku, kwa msumeno wa kuazima. Kwenye mti wa nne ndipo alipoiona alama. Kwenye gome, kimo cha kifua cha mwanamke mfupi, palikuwa na mkwaruzo wa kisu, upana wa kidole gumba. Ndivyo anavyofanya mtu anayetaka kujua kama mti u hai. Unakwaruza gome, ukikuta kijani chini yake unasubiri, ukikuta kahawia unakwenda zako. Chini ya mkwaruzo palikuwa kahawia. Mkwaruzo wenyewe ulikuwa umegeuka kijivu na kuota ukungu. Si wa Machi. Mvua za miezi mingi zilikuwa zimeupitia.

Alirudi kwenye vigogo vitatu alivyokwisha kuangusha, akavigeuza. Kisha akaikagua iliyosimama. Miti yote kumi na mmoja ilikuwa na alama ileile.

Alasiri, sinia likiwa tupu kwa ajili ya mfungo, alimwendea.

"Ulikwaruza lini, Hajjat?"

"Wiki ileile. Ulikuwa umekwenda kufungwa mkono." Alisogeza haiki usoni. "Marehemu alinifundisha mimi kwanza. Wewe ulikuwa bado uko kwenu na mbuzi wako."

"Mbona hukusema?"

"Ulisema machipuko. Nikaona si vibaya. Kahawa ya majira ya baridi nayo ni kahawa."

Aliondoka wiki mbili baada ya Idi, kiti cha mbele cha gari la Fodil, haiki imekunjwa mapajani kwa sababu Oran, Fodil alisema, hakuna tena anayeivaa. Alimwachia Ouardia sufuria zake za shaba, na Bouzid futi ya marehemu.

Mnunuzi, daktari wa meno, alikuja mwezi wa Juni kukagua. Miberoshi ishirini iliyobaki hakuihitaji. Palikuwa na nafasi ya magari manne. Lakini mbele ya vichaka saba vya disi alisimama muda mrefu. Mashada yalikuwa yametoka, marefu kumpita yeye, yakiinama kwa pamoja na kuinuka kwa pamoja. Alipiga picha tano.

"Hizi zibaki," alisema. "Nimeziona Marbella, ng'ambo ya bahari, ghali sana. Ami, wewe ndiye mtunzaji?"

"Ndimi."

"Na chumba kile cha nyuma unakaa wewe?" Akakitazama, akarudisha macho kwenye nyasi. "Zinahitaji mtu wa kudumu? Wa kuzitazama?"

Ouardia alikuwa mlangoni na kamba ya kufungia mizigo mkononi, anasikia kila neno.

"Hapana," Bouzid alisema. "Hazihitaji mtu."

Daktari alishukuru, akaenda kupima upana wa lango. Ouardia alisubiri hadi amefika mbali.

"Ungesema ndiyo."

"Nilishasema ndiyo mara moja, kwa Hajjat."

Akachukua kamba mkononi mwake, wakaingia kufunga godoro.